Maoni Yaliyovuliwa Mlangoni

Mtaa mzima ulikuwa umemvisha jina ambalo hakuliomba: Bi Mkakati. Walimwita hivyo wauza maji, walimwita hivyo watoto watokao shule, na kinyozi wa jirani, ambaye wenzake walimbandika jina la Mheshimiwa kwa vile hajawahi kukutana na kimya asichotaka kukihutubia, alilitamka kwa kulivuta, kana kwamba analipaka mafuta.

"Bi Mkaaakati! Leo wananchi tumeulizwa nini tena?"

Hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mgongo ulionyooka na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi wa nta, ule ule unaotumika kushonea soli. Kwa muda mrefu alikuwa ameajiriwa katika ofisi kubwa ya mipango, na huko ndiko alikojifunza hasira aliyokuja nayo nyumbani. Aliona kwa macho yake jinsi umma unavyoulizwa jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Ripoti ilichapwa kwanza, ndipo wananchi wakaitwa. Wakapewa soda, wakasema ya moyoni, na karani akayaandika kwenye karatasi ambazo hakuna mkono uliozifungua tena. Siku aliyoagizwa aandike muhtasari wa mkutano uliokuwa bado haujafanyika, aliiweka kalamu juu ya meza, akachukua mkoba wake, akatoka. Mkubwa wake alidhani amekwenda kunywa chai.

Baba yake alipofariki, yeye na mdogo wake wa kiume walirithi nusu kwa nusu kile ambacho mzee alipenda kukiita kampuni, na ambacho mtaa ulikiita karakana. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta na rafu za viatu vilivyokamilika, vyeusi na vya kahawia, vizito, vimekaa viwili viwili kama wazee walionuniana. Chumba cha ndani ndicho kilichokuwa na kazi: benchi za mafundi wanne, cherehani mbili za chuma, rafu iliyojaa kalibu, yaani zile nyayo za mbao ambazo kiatu hujengwa juu yake, na katikati turubai jeupe lililotandazwa sakafuni. Juu ya turubai hilo ndipo ngozi ilipokatwa. Hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga na viatu, hata mwenye kampuni, kwa maana chembe moja ya mchanga chini ya ngozi huacha alama ambayo rangi haiifichi. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake marehemu, fundi mkuu, mwenye kidole gumba kigumu kama kwato na ulimi mkali kuliko msharasi wake wa kutobolea ngozi.

Na juu ya mlango wa mbele kilitundikwa kibao ambacho marehemu alikiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: HAPA HATUTENGENEZI VIATU VYA WENGINE. Katika ujana wake aliwahi kushona kiatu kilichotengenezwa kwingine, kikapasuka tena njiani, na mwenyewe akamtangaza mji mzima kuwa ni fundi wa ovyo. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mikono yake haitabeba lawama ya mikono ya mtu mwingine. Kibao kilikaa hapo hadi macho ya watu yakaacha kukiona, kama yanavyoacha kuiona kona ya ukuta.

Ugomvi wa dada na mdogo wake haukuhusu kibao. Ulihusu rafu, ambazo hazikupungua. Mdogo wake, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi na simu isiyolala, alitaka cherehani ziuzwe, mafundi waagwe kwa heshima, na chumba cha ndani kijazwe maboksi ya viatu vya kiwandani kutoka nje. Dada naye alikuwa na mpango aliokuwa ameulea muda mrefu kichwani: viatu imara vya shule, vya ngozi halisi, vyenye soli ya kuvuka madarasa matatu. Kila mmoja alikuwa na nusu yake, na nusu mbili zinazovutana hazifiki popote.

"Tuwaulize wanaovaa," alisema siku moja.

"Tuwaulize nini?"

"Mkakati. Tuuandike hadharani, hatua kwa hatua, kila mtu auone, aukosoe, aongeze lake. Bila mlango kufungwa. Mkutano wa mwisho utakaloamua, mimi na wewe tunatia sahihi."

Mdogo wake alicheka hadi akashika kaunta. "Dada, hiyo siyo biashara, hicho ni kikao cha ukoo. Kampuni gani inaanika siri zake barabarani kama nguo za ndani?"

"Kampuni isiyo na cha kuficha."

"Isiyo na cha kuuza, ungesema hivyo." Lakini alikubali. Alikuwa na hakika kwamba watu watataka viatu vya bei nafuu, na hakuona haja ya kubishana na dada yake ikiwa mtaa mzima utamsaidia bure.

Basi ukatundikwa ubao mweusi kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango, na mkebe wa chaki ukafungwa kwa kamba ya kiatu. Aliandika rasimu kwa mwandiko wake wa shule, herufi zimenyooka kama askari kwenye gwaride: tunafanya nini, tunataka kwenda wapi, mnatushauri nini. Chini kabisa akaongeza ahadi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomtesa: KILA NENO LITAJIBIWA.

Loo! Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Kabla ya jua kuwa kali siku ya kwanza, ubao ulikuwa umejaa. Mmoja aliandika, "Punguzeni bei." Wa pili, "Msipunguze bei, mtashusha hadhi." Wa tatu alitaka mikoba, wa nne mikanda, wa tano alitaka wawekewe kiti kibarazani. Mmoja aliandika, "Fundi mkuu atabasamu." Baba Mdogo akatoka, akaisoma, akarudi ndani bila kutabasamu. Mwingine akatangaza chumba cha kupanga, maji yapo, umeme wa pamoja. Na katika kona ya chini mkono usiojulikana ukaandika, "Mimi sina maoni ila naunga mkono."

Alijibu yote. Alisimama juani na kitambaa cha kufutia, akajibu hata tangazo la chumba, kwa heshima, akieleza kwamba ubao ule ni wa mkakati. Usiku ule ule mtu akaandika chini yake, "Samahani. Chumba kimeshachukuliwa. Asanteni kwa ushirikiano."

Kisha ikaja mikutano, kila Jumamosi alasiri, uani. Hapo ndipo alipomjua binadamu upya. Mheshimiwa alifika wa kwanza, akaketi wa mbele, akasimama kila alipopata upenyo. Alikuwa na kipaji cha kuanzia mbali. Akitaka kuzungumzia kisigino, alianzia uhuru wa mwanadamu. Wengine walifika kwa ajili ya kivuli, wengine kwa ajili ya Mheshimiwa, na wengine kwa sababu wamepita wakaona watu. Aliuliza, "Mngependa kampuni iwekeze wapi nguvu zake?" Wakajibu kwa pamoja, "Kwenye ubora!" Akauliza, "Ubora wa namna gani?" Wakajibu, "Ule ubora mzuri!"

"Hawa wanajibu kama wanaitikia wimbo," alimwambia mdogo wake walipokuwa wakikusanya viti. "Nikiwauliza jambo lenye meno, wananipa maneno yaliyotafunwa."

"Si ulitaka umma? Huo ndio umma, dada. Mzigo wote huo ni wako."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuna aliyempinga. Huko ofisini alikotoka, watu walinyamaza kwa woga, na hilo alilielewa. Hapa hapakuwa na cha kuogopa. Alikuwa amefungua kila mlango, ameandika kila kitu, hata mauzo yanayoshuka aliyachora ubaoni kwa mstari ulioteremka kama maji kwenye mtaro. Na bado, alipowatazama nyuso zao zikimtabasamia, alihisi anapapasa ukuta laini usio na mlango. Uani watu walikuwa wamejibanza, nyuso mbele, miguu vumbini. Na yeye, binti wa fundi viatu, aliangalia nyuso.

Jumamosi ya mwisho mvua iliharibu mpango. Ilianza kwa kunyunyiza, watu wakajifanya hawaioni; ilipokuja kwa ngurumo, wote wakakimbilia ndani. Chumba cha mbele kikajaa, wakamwagikia cha ndani. Baba Mdogo alisimama mlangoni pa chumba cha ndani, mikono ameitandaza kama mlinda lango.

"Viatu nje! Anayekanyaga turubai langu na viatu, namkata hiyo miguu nitengenezee kalibu!"

"Mzee, tuko kwenye mchakato wa kitaifa hapa," alisema Mheshimiwa.

"Taifa lako livue viatu kwanza."

Wakarudi kibarazani wakicheka, wakavua, wakaingia pekupeku na soksi, wakaketi juu ya turubai jeupe kama watoto wa chekechea. Mafundi walikaa kwenye benchi zao. Kwenye ukuta, juu ya rafu ya kalibu, picha ya marehemu iliwatazama wote kwa jicho lile lile la kupima ngozi.

Bi Mkakati alisimama chini ya picha. Alieleza kwa mara ya mwisho. Njia ya kwanza: kampuni iache kutengeneza, iuze viatu vya nje. Njia ya pili: kampuni iweke nguvu zake zote kwenye viatu vya shule, na ngozi inunuliwe kwa mwaka mzima mara moja, ili mpango usimame. Alisema wazi kwamba njia ya pili ikishindwa, hakutakuwa na ya tatu. Karakana itafungwa, na mafundi wanne watakwenda nyumbani.

Mheshimiwa aliinuka. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na kidole kikubwa kilichungulia kama mjumbe aliyechelewa kikao.

"Ndugu zangu! Mwanadamu alipoumbwa hakuwa na kiatu..."

"Fupisha, Mheshimiwa, mvua itaisha kabla yako!" alidakia Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye kibanda cha vocha mbele ya karakana, ambaye wanawe pacha walikuwa nyumbani na dada yao.

"Nafupisha. Sisi wananchi tunasema hivi: cha nyumbani kwanza! Viatu vya kampuni hii ni fahari yetu. Mzee yule pale ukutani alituvalisha. Leo tumwache binti yake? Haiwezekani!"

Makofi yakalipuka. Mikono ilipoitwa, iliinuka yote, msitu mzima, kwa njia ya pili. Hata mtu mmoja aliyesinzia kando ya cherehani aliinua wake kabla ya kufumbua macho.

Mdogo wake alimtazama. Alikuwa ameshindwa, na alishindwa kiungwana. "Haya, dada. Umepata. Lete karatasi, tutie sahihi."

Alikuwa ameingoja saa hiyo, na ilipofika haikuwa na ladha. Akasema anakuja, akatoka kwenda kuchukua kalamu kwenye kaunta. Upepo ulikuwa umegeuka, mvua ilikuwa ikipiga kibaraza kwa mshazari, na viatu vya watu vilikuwa vinalowa. Akainama kuvivuta karibu na ukuta, jozi kwa jozi, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya.

Kiatu cha kwanza kilikuwa raba ya kike, ya nje, imepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa nguo. Cha pili kilikuwa cha plastiki kilichoigiza ngozi, soli imeachama mdomo, imebanwa kwa waya. Akavaa miwani. Akaokota cha tatu, cha nne. Akapiga magoti kwenye maji bila kujali gauni lake. Hapakuwa na haraka tena ya kalamu.

Alivisoma vyote kama msomi asomavyo maandiko. Vilikuwa vya nje, karibu kila kimoja, na karibu kila kimoja kilikuwa kimekufa mahali pale pale, pale ambapo soli hukutana na ubavu, mguu unapojikunja. Na kila kimoja kilikuwa kimefufuliwa na mtu asiyejua kazi: gundi ya maji iliyokauka kama makamasi, msumari uliotokeza, kipande cha tairi, hata mpira wa kufungia noti. Kiatu kimoja kilikuwa kimetiwa kadibodi ndani, na kadibodi ilikuwa imelowa. Katika kundi lote lile aliona jozi moja tu ya kampuni yake. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, imezeeka vizuri, na chini yake soli ilikuwa nzima.

Akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Wote wale! Wote wale walikuwa wameinua mikono! Walimvika kilemba cha ukoka mbele ya picha ya baba yake, wakampigia makofi kukishangilia, na laiti mvua isingenyesha angetia sahihi, akanunua ngozi ya mwaka mzima, akajenga mlima wa viatu vya shule usio na mguu hata mmoja wa kuuvaa.

Chini ya kiti cha kibarazani, vimejificha nyuma ya vingine, aliona viatu vya kiume vyeusi vinavyong'aa, vya ofisini, vya maridadi. Alivijua. Akageuza kimoja. Soli ilikuwa imeachia, na ilikuwa imegandishwa kwa gundi nzito ya kahawia, gundi ya karakana yao wenyewe, kwa mkono usio na subira. Vilikuwa vya mdogo wake.

Alisimama hapo, kiatu mkononi. Angeweza kunyamaza. Mkutano ulikwisha kuamua, na uliamua alichokitaka. Ripoti ilikuwa imechapwa, kama wasemavyo kule alikotoka. Kilichobaki ni sahihi. Wazo hilo ndilo lililompandisha hasira hadi masikioni, kwa kuwa alilitambua. Lilikuwa wazo la mkubwa wake wa zamani, limemfuata hadi nyumbani kwa baba yake.

Akapakata viatu kwa mikono yote miwili, kifuani, maji yakitiririka kwenye gauni, akaingia. Akavimwaga katikati ya turubai jeupe.

"Eh!" Baba Mdogo aliruka. "Turubai langu!"

"Baba Mdogo, nisamehe, nitalifua mwenyewe." Akawageukia watu. "Haya. Mmesema kwa midomo, na mikono mmeinua. Sasa naomba kila mmoja achukue kiatu chake, akiinue juu, anieleze kilipasuka lini na amekishona na nini."

Kimya kilichoingia hapo Mheshimiwa mwenyewe hakukihutubia. Watu waliangalia vidole vyao vya miguu. Mtu mmoja alikohoa.

"Nimewauliza wiki na wiki," alisema. "Nimesimama juani nikawajibu hadi wenye vyumba vya kupanga. Nikawaambia: nikosoeni. Mkanipigia makofi! Mngenitukana ningewashukuru zaidi. Ukimwondoa mwalimu, hakuna hata mmoja wenu anayevaa viatu vyangu, na wote mmenishauri nitengeneze zaidi?"

"Sasa mama," alisema Mama Pacha, naye akiwa amekasirika, "ulitaka tukwambie nini? Wewe umesimama hapo, baba yako yuko ukutani, Baba Mdogo ameshika kisu. Mtu mzima nikuinukie nikwambie viatu vyenu vizuri lakini vizito kama matofali? Mimi nililelewa!"

"Ndiyo! Ningetaka uniambie hivyo hivyo!"

"Haya, nimekwambia. Vizito. Na bei yake! Mimi nalea pacha wawili, jozi ni mbili, siyo moja. Nanunua vya nje, vinapasuka, nashona na sindano ya nguo. Usiku, mlango nimefunga."

"Na kwa nini hukuvileta hapa kwa fundi, hatua tatu kutoka kibandani kwako?"

Mama Pacha alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mama, si mmeandika?"

"Tumeandika nini?"

"Mlangoni pale. Kwa rangi nyekundu. Mnatufukuza tangu sijaolewa."

Sauti zikafunguka zote kwa pamoja, kama chandarua kilichokatika kamba. Mmoja alikuwa amefika na kiatu mara moja, marehemu akamwonyesha kibao kwa kidole. Mwingine hupeleka vyake ng'ambo ya soko kwa mtu anayetumia misumari ya useremala. Mwalimu mstaafu alisema kwamba yeye huvaa vya kampuni kwa sababu mguu wake una uvimbe, vinginevyo asingeviweza. Hata mafundi kwenye benchi walitazamana, kwa kuwa nao wana watoto, na watoto wao huvaa raba. Miezi yote ile, mikutano yote ile, hakuna aliyeandika ubaoni, "Ondoeni kibao." Nani anayeshauri kona ya ukuta iondolewe?

"Na wewe?" Akainua kiatu cheusi kinachong'aa, akamtazama mdogo wake. "Wewe uliyetaka tuviuze hivi, tena kwa maboksi?"

Mdogo wake alijikuna shingo. "Hicho... hicho ni toleo la zamani, dada."

Kabla hajamaliza, Baba Mdogo alikuwa amekinyakua kiatu. Alikikunja, akakinusa, akaipitisha kucha kwenye gundi. Uso wake uliumia kama wa mtu aliyeona mtoto amevikwa nguo kinyume.

"Mpumbavu gani huyu aliyepaka gundi juu ya vumbi? Hakusugua! Hata kusugua hakusugua! Gundi yangu hii, najua harufu yake!"

"Baba Mdogo, mimi nili..."

"Nyamaza. Naongea na kiatu."

"Tuvitengeneze, Baba Mdogo," alisema Bi Mkakati. "Vya watu wote. Vya nje, vya ndani, vya plastiki. Hiyo ndiyo njia."

"Sitii msharasi wangu kwenye plastiki. Kaka aliapa."

"Kaka yako aliapa asibebe lawama. Sasa tunabeba rafu zisizopungua."

Mzee aligeuka na kiatu mkononi, akanung'unika kwamba hatafanya kazi ya viraka, hajazaliwa kwa viraka, afadhali akalime. Kisha, huku akinung'unika hivyo hivyo, akaketi kwenye benchi yake, akachukua kisu, akaanza kuikwangua ile gundi. Hakuweza kuivumilia. Kazi mbovu ilikuwa inamwasha kama upupu. Watu walimtazama wakiwa wamesahau mvua.

Usidhani Bi Mkakati alifurahi. Karatasi ya viatu vya shule aliikunja akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba, na huko, walau, ilisimamisha kitu. Mpango aliokuwa ameulea muda mrefu ulikwisha hivyo, bila hata kupingwa na mtu. Yeye na mdogo wake walitia sahihi karatasi nyingine, fupi, iliyoandikwa papo hapo juu ya kaunta: matengenezo kwanza, viatu vipya kwa anayeagiza. Mdogo wake alitia sahihi akiwa na mguu mmoja wa soksi.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema. "Hakuna anayetaka viatu vyetu."

"Na mimi nilikuwa sahihi kwamba waulizwe."

"Hukuwauliza wao, dada. Uliviuliza viatu."

Hilo nalo lilimkera.

Jumapili walikiteremsha kibao. Jumatatu asubuhi, alipofika kufungua, ubao mweusi ulikuwa umejaa kuanzia juu hadi chini. Alivaa miwani kwa matumaini yaliyomshangaza mwenyewe. Akasoma.

"Mbona mmebadilisha mkakati bila kutushirikisha?" "Tulipiga kura viatu vya shule. Kura zetu zimekwenda wapi?" "Kibao cha mzee kilikuwa kumbukumbu ya mtaa. Kirudishwe." "Haya ndiyo mambo ya kuamua gizani." Na kwenye kona ya chini, kwa mkono ule ule usiojulikana: "Mimi sina maoni ila napinga."

Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na kwa muda aliwaza kuupiga teke. Kila neno litajibiwa! Ahadi ilikuwa bado pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nyuma yake akasikia mtu akisafisha koo kwa namna ya kujiandaa.

Alikuwa Mheshimiwa, na kwapani amebana mfuko wa plastiki wenye umbo la jozi ya viatu. Nyuma yake alikuwa Mama Pacha na mifuko miwili, na nyuma ya Mama Pacha foleni ilipinda kwenye kona.

"Bi Mkakati," alianza, "kwa niaba ya wananchi, nimekuja kuwasilisha masikitiko yetu makubwa. Mwanadamu alipoumbwa..."

"Kwenye mfuko kuna nini?"

Mheshimiwa aliushusha mfuko kidogo. "Soli imeachia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hilo ni jambo la pili. La kwanza ni masikitiko."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Baba Mdogo ikimtukana mtu aliyetumia waya. Bi Mkakati alimtazama kinyozi, akautazama ubao, kisha akaifuta sehemu ndogo katikati, upana wa kiganja, akamkabidhi chaki.

"Kiatu weka kaunta. Na hicho ulichovaa, nakiona kinacheka, kivue nacho. Masikitiko utayaandika hapa ukiwa pekupeku."